Joho la Mzee Gracjan

Siku za kazi Gracjan Wolski aliendesha tramu mjini Olsztyn. Kila Julai aligeuka mtu wa kuogopwa. Tulipokusanyika kuigiza upya vita vya mwaka 1410 kwa nguo kama za zama zile, za kushonwa kwa mkono, yeye ndiye alisimama langoni mwa kambi, akipindua nguo zetu nje ndani. Akiona mshono wa cherehani, hata wa kwapani, unarudi kwenye gari lako. Mimi alishanirudisha, nikamtukana kimoyomoyo njia nzima.

Mwaka wake wa mwisho ugonjwa ulikuwa umemmaliza. Joho lake la zamani lilimpwaya, na vidole havikuweza tena kushika sindano. Akaenda kwa wauzaji walio nje ya kambi, akapapasa joho jipya la sufu, akauliza limeshonwaje.

"Limeshonwa kwa mkono, mzee. Lote!" muuzaji akaapa.

Macho ya Gracjan hayakuweza tena kumbishia. Akalinunua.

Langoni sasa alikuwa Jagna, fundi wa meno, ambaye Gracjan mwenyewe alimfundisha ukaguzi. Akapindua pindo la joho, akalipindua tena.

"Nini? Sema, binti, usinionee haya."

"Cherehani, mzee. Ndani kote."

"Jagna, una roho mbaya wewe!" nilifoka. "Huoni hali yake? Nani atachungulia huko ndani?"

"Funga mdomo," Gracjan akaniambia. "Wewe si ndiye uliyekuja na suruali ya zipu?" Kisha akamshika Jagna mkono. "Ungenipitisha, ningejua nimeshakufa."

Jagna akalia mbele ya foleni nzima. Akamwachia mwenzake lango, akaketi na mzee majanini, nje ya kamba ya kambi, akaanza kufumua joho na kulishona upya kwa mkono. Gracjan alibaki na shati la kitani, koti la mvua la Jagna mabegani. Sisi tulipigana, watazamaji wakashangilia, yeye akapapasa mishono ya Jagna.

"Mishono mirefu mno hii. Fumua."

Jagna akafumua. Niliwapelekea mkate na matango ya chumvi, bado nimewanunia wote wawili.

Jagna alipomaliza, tulikuwa tunang'oa mahema. Gracjan akalivaa joho, akasimama langoni, akainua mikono akaguliwe. Jagna akapitisha vidole kwenye kila mshono alioushona mwenyewe, bila haraka.

"Pita, mzee."

Akapita, akatembea polepole hadi katikati ya uwanja, ambako hapakuwa na mtu tena wa kupigana naye.