Kijapani changu cha mlangoni kilivyomnusuru Nakato

Wakuu, salaam kwenu. Haya yamenikuta mwenyewe, sijasimuliwa. Nilipopasahau nitasema nimesahau.

2014 nilikuwa mlinzi wa mlangoni kwenye hoteli moja Al Jaddaf, Dubai. Kuna mzee wa Kijapani, injinia, alikaa pale miezi kadhaa. Kila asubuhi akisubiri gari lake ananifundisha maneno mawili matatu.

Wenzangu wakinicheka, "Mbongo, yalla, nenda Tokyo." Sikujali. Kichwa changu kinashika, sio kujisifu.

Siku moja mzee akaniuliza jana yake alirudi saa ngapi. Nikajibu fasta, "Saa moja, sir, hundred percent."

Ndivyo tulivyo walinzi. Ukisita mbele ya bosi, ataona ulikuwa umesinzia.

Kumbe alirudi saa tatu. Hakukasirika. Akanifunza kwamba jambo ulilo na hakika nalo unasema "machigai arimasen", yaani hapana kosa. Unalokumbuka kwa mbali unatanguliza "tashika", yaani kama sijasahau.

Wiki chache baadaye, mgeni mwingine, mama wa Kijapani, akashuka mapokezi amefura. Mkoba wake wenye pasipoti haupo chumbani.

Aliyesafisha chumba ni Nakato, dada wa Kiganda. Anamlilia supervisor tu, "Ssebo, bwana, mimi sijachukua kitu." Supervisor keshaamua kumpigia kafeel, mdhamini wake wa viza, ili arudishwe kwao. Kamera ya mlangoni ilikuwa mbovu, kwa hiyo nikaitwa mimi.

Supervisor akaninong'oneza, "Kama huna uhakika wa kila kitu, nyamaza. Khalas."

Wakuu, niliogopa. Lakini nikafungua mdomo, Kijapani cha kuungaunga.

Nikamwambia yule mama: asubuhi ulipotoka, mkoba mweusi niliubeba mimi mpaka kwenye teksi, machigai arimasen. Teksi yenyewe, tashika, ilikuwa na paa la pinki, zile za akina mama.

Akaniuliza namba ya gari. Nikasema siikumbuki.

Supervisor akasonya. Mama akamgeukia kwa Kiingereza chake cha polepole: "Huyu anakubali asichokijua. Basi anachokijua nakiamini."

Teksi za pinki hazikuwa nyingi. Kampuni ikapigiwa simu, na kabla ya adhuhuri dereva akaleta mkoba, pasipoti ndani. Mama alikuwa ameusahau kwenye kiti, akadhani hakutoka nao.

Nilivimba kifua, siwafichi. Mtoto wa Tanga, form four leaver, nimeaminiwa kwa lugha ya watu.

Nilichojifunza: kusema "sina hakika" hakukushushi. Kunayapa uzito yale uliyo na hakika nayo.

Nyie mlioko kazini ughaibuni, mmeshawahi kulazimishwa kusema "sure" kwa jambo msilolijua? Mwageni hapa, nasoma zote.

Nimeruka kitu. Yule mama alimwendea Nakato akamwinamia mpaka kiunoni, watu wote wanaona. Nakato naye, kwa adabu ya kwao, akapiga magoti. Wakabaki hivyo, kila mmoja akimsubiri mwenzake ainuke kwanza.