Dume la Mama Mkwe

Kuna aibu mtu humficha hata mkewe, lakini hii siwezi, kwa sababu mke wangu alikuwepo, na mama yake, na nusu ya soko la Kondele, kwa hivyo afadhali mnisikie mimi kuliko majirani.

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Nilikuwa karani bandarini Kisumu, kazi yangu kukagua alama za magunia ili mzigo wa mtu usiende kwa mwingine (msicheke bado). Mama mkwe akalazwa hospitali Maseno, akatuachia mbwa wake Kamanda hapo kwetu Kaloleni. Kamanda alikuwa wa kahawia, kifua cheupe, na shingoni alivaa mkanda wenye kisahani cha leseni. Siku hizo kulikuwa na kichaa cha mbwa, na mbwa yeyote bila kisahani alikamatwa na watu wa manispaa, akawekwa siku tatu, halafu akapigwa risasi. Hayo yote niliyajua.

Jumatano Kamanda akajigaragaza kwenye matumbo ya samaki, nikaamua kumwogesha, na kwa vile mkanda ulikuwa wa ngozi nzuri nikaona nisiuloweshe, nikauvua, nikautundika msumarini. Kamanda akayaangalia maji, akaniangalia mimi, akaruka ua na povu lake mgongoni.

Tulimtafuta Alhamisi, tukamtafuta Ijumaa. Jumamosi asubuhi mke wangu akaniambia, "Baba Atieno, Mama anatoka hospitali leo."

Tukaenda sokoni Kondele, na kumbe huyo hapo, amelala chini ya meza ya mama muuza samaki! Nikamkumbatia.

"Bwana, wachana na mbwa yangu," yule mama akasema.

"Mama, huyu namjua kama mtoto wangu. Kamanda!"

Mbwa akatikisa mkia (baadaye niliambiwa huwa anamtikisia kila mtu). Watu wakajaa, wengine upande wangu, nami nikazidi kupaza sauti, mpaka askari polisi akafika.

"Una uhakika ni wako?"

"Afande, nimekaa naye nyumba moja wiki mbili."

"Dume ama jike?"

"Dume. Tena dume kabisa."

Askari akainama. Akakaa huko chini muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akainuka, akaweka kofia yake sawa.

"Bwana," akasema kwa upole, "hii dume yako inanyonyesha."

Wanawake waliweka mabeseni chini ili wacheke vizuri. Mzee mmoja ambaye hakusikia aliomba arudiwe, akarudiwa. Mtu mmoja tu hakucheka, naye alikuwa nyuma yangu na mfuko wa nguo mkononi, ndiyo kwanza ashuke basi la Maseno.

"Baba Atieno," mama mkwe akasema, "mbwa yangu iko wapi?"

Nikamweleza palepale. Alishika njia kwenda manispaa, mgonjwa wa watu akitembea mbele yetu sisi wazima. Pale tukamkuta karani mwenye daftari.

"Wako sita wasio na visahani," akasema. "Mtajuaje wenu?"

Safari hii nikampisha mama mkwe mbele.

"Sikio la kushoto limechanika," mama mkwe akasema, "na mguu wa nyuma, kidole kimoja kilikatwa na mtego." Akanitazama. "Na ni dume."

Wakamleta. Kamanda alilia kama mtu, na mama mkwe, ambaye tangu nioe sijawahi kumwona ameketi chini mbele za watu, aliketi pale kwenye vumbi akamshika kichwa. Karani akatuambia kazi ya bunduki ilipangwa saa nane. Saa ya ukutani ilionyesha saa saba na nusu.

Mimi nilikwenda nyumbani kuuchukua mkanda msumarini.

Tangu siku hiyo sijavua alama ya mnyama wa mtu, hata awe ananuka vipi. Na ukiniachia mbwa, huondoki kabla sijamwandika kwenye karatasi: rangi, makovu, masikio, kisha namgeuza nithibitishe lile jambo lingine, na wewe mwenyewe utatia sahihi.