Filta Iliyomrudisha Mama Garini

Mwanangu, kuna siku moja naikumbuka kuliko hata siku niliyoolewa, na mume wangu akisikia hivi atanuna. Ni siku mama yangu mzazi aliposhuka kwenye gari nililokuwa naendesha, pale Nyakunguru, akasema hatapanda tena.

Nilikuwa bado kijana, kichwa kigumu. Mama alikaa Matongo, na kila mwezi alitakiwa kwenda kliniki ya moyo Tarime mjini. Bodaboda zilimtikisa mno. Mume wangu alikuwa na gari, lakini unazijua mila zetu Wakurya: mkwe wa kiume hakai karibu na mama mkwe wake, sembuse kufungiwa naye ndani ya gari. Ndiyo maana nikajifunza kuendesha. Nisipompeleka mimi, hapelekwi.

Sasa kila tulipofunga vioo kukwepa vumbi la malori na kuwasha AC, mama alikohoa mpaka machozi yakamtoka. Gari lilinuka kama gunia lililolowa. Nililipeleka kwa fundi, akajaza gesi ya AC, kikohozi kikabaki palepale. Nikanunua marashi ya kuning'iniza kwenye kioo, tena mawili. Halafu siku hiyo, tulipofika Nyakunguru njiani kwenda kliniki, Mungu anisamehe, nikamwambia, "Mama, huo ni uzee tu. Zoea."

Akaniambia nisimamishe gari. Akashuka na mkoba wake, akainama dirishani.

"Bhoke, hii hewa ya gari lako inaingilia wapi?"

Sikujua. Nilikuwa nimeliendesha mwaka mzima.

"Sisi ng'ombe akikoroma tunamshika pua tunaangalia. Hatumpaki marashi. Wewe unaniambia mimi ni mzee."

Akapunga bodaboda, akarudi kwake, na kliniki ikampita. Jioni nesi akanipigia simu: Alhamisi ijayo asikose, dawa zinamwishia. Nililia, mwanangu. Niliona aibu ya kumjibu mama vile, na niliogopa pia, kwa sababu namjua, akisema hapandi hapandi.

Asubuhi nikaanza na swali lake. Chini ya kioo cha mbele, pale wipa zinapolala, pana matundu ya kuvutia hewa ya ndani. Nikachungulia, nikaona makapi ya ulezi yamejaa. Nikajua mwenye makosa ni nani. Boneti ikipata jua la saa sita inakausha nafaka vizuri kuliko turubai, basi mimi nilikuwa naanika ulezi juu yake na kupepeta hapohapo. Ulezi wa uji wa mama, tena.

Kitabu cha gari kilikuwa cha Kijapani, hakikunisaidia. Nikahamia ndani, nikafuata njia ya hewa kwa macho na vidole. Mbele ya kiti cha abiria pana ile droo ya kuwekea karatasi. Nikatoa vitu vyote, nikabana kuta zake mbili kwa ndani, ikashuka yenyewe. Nyuma yake palikuwa na kifuniko chembamba cha plastiki. Nikabonyeza vibanio vyake, nikavuta.

Ikatoka filta ya AC, lile chujio la karatasi linalosafisha hewa. Nakwambia kweli, sikujua kama ile ilikuwa karatasi. Ilikuwa nyeusi, imeshonana vumbi, makapi, na kiota kizima cha panya. Hiyo ndiyo hewa niliyokuwa nampulizia mama yangu usoni.

Nikajaribu kuikung'uta, ikapasuka. Mume wangu akasimama mlangoni. "Utaniharibia gari, mama watoto. Ngoja fundi." Nikamjibu fundi nimeshamngoja vya kutosha. Nikafuta vumbi pale ndani, nikazoa makapi kule nje, nikaenda dukani Tarime na filta yangu kwenye mfuko wa rambo.

Muuza spea akaigeuza-geuza. "Mama, kamwambie fundi wako aje mwenyewe, asije akaiweka kinyume."

"Fundi amekuja mwenyewe," nikasema.

Wateja wakacheka, naye akacheka. Akanionyesha mshale ubavuni mwa filta mpya, unaoelekeza hewa inakopita. Nikauona na kwenye ile ya zamani, na nilikumbuka ulitazama chini. Nikarudi, nikaisukuma mahali pake mshale ukiwa chini, nikafunga kifuniko, nikarudisha droo. Nikawasha AC nikakaa nayo peke yangu, vioo nimefunga. Hewa ilikuja safi, baridi. Nilipiga kigelegele ndani ya gari.

Alhamisi nikaenda Matongo, nikapiga goti. "Mama, nisamehe. Nimelishika pua." Nikamwonyesha ile filta ya zamani. Akaitazama mpaka nikaanza kuogopa, kisha akapanda. Lori likatupita, vumbi likafunika kila kitu, vioo vimefungwa. Nikasubiri kikohozi. Hakikuja. Nilipogeuka, mama alikuwa anasinzia.

Kutoka kliniki akataka apite kwangu. Mume wangu alikuwa ng'ambo ya ua, ameangalia pembeni kama inavyopasa. Mama hakumsemesha. Alinigeukia mimi, akapaza sauti imfikie: "Bhoke, mwambie mkwe wangu gari lake lina fundi." Mume wangu akatikisa kichwa akicheka, na tangu siku hiyo hakuniambia tena nisiguse kitu.

Basi, mwanangu, mzee akikwambia kitu kinamsumbua, usimjibu kwa umri wake. Fungua uangalie. Na kiangazi kikiisha, shusha ile droo mwenyewe, toa filta, weka mpya, na ulezi uanike mbali na boneti. Mungu akupe mikono isiyoogopa vumbi na moyo mwepesi wa kuomba radhi. Akujalie pia mama wa kumpeleka kliniki, asinzie kiti cha mbele, umrudishe nyumbani anapumua vizuri.