Mizabibu Aliyoiacha Mama

Enzi za ruksa, serikali ilipolegeza masharti ya biashara, kila mtu alifungua kitu, na jirani yetu wa mtaa wa Kikuyu, pale Dodoma, akaamua kufungua mashine ya kusaga. Kiwanja chake hakikutosha. Basi aling'oa ua wa minyaa uliotutenganisha, akaupanda upya ndani ya eneo letu, na mizabibu ya mama ikabaki upande wake. Alikuwa mzee wa kanisa, kanisa letu hilo hilo, na kazi hiyo aliifanya mchana kweupe huku akitusalimu.

Mama alikuwa mjane. Zabibu zile alikuwa akizipeleka stendi, na ndizo zilizomlipia dada yangu ada ya sekondari, maana serikali ilikuwa imesharudisha uchangiaji wa gharama za shule. Mama alimfuata jirani akamfokea mpaka watu wakatoka nje. Sikuwahi kumwona amekasirika kiasi kile, na nilifurahi.

Furaha yenyewe haikufika mbali. Kwetu, kabla ya Meza ya Bwana, waliogombana lazima wapatanishwe mbele ya wapendwa, yaani waumini wenzao. Jumamosi mchungaji aliwasimamisha wote wawili. Habari za ua hakuna aliyeziuliza. Walichouliza ni habari za kufoka.

"Dada mpendwa, umemkwaza ndugu yako," mchungaji alisema. "Ardhi ni ya Bwana."

Ardhi ya Bwana, mashine ya jirani! Mama akaomba msamaha. Jirani akamkumbatia, akamsamehe, wapendwa wakapiga makofi na kuimba. Nilitamani mtu mmoja tu akumbuke kwamba Yesu mwenyewe, alipopigwa kofi mbele ya kuhani, hakugeuza shavu, bali alimuuliza aliyempiga kwa nini anampiga.

Jirani aling'oa mizabibu, akamwaga zege. Dada aliacha shule akiwa kidato cha pili, akaenda Kibakwe kwa shangazi kulima vitunguu. Mama alisema Mungu atafungua njia nyingine. Njia hiyo sikuiona, na niliitafuta sana.

Miaka kadhaa baadaye jirani alikitamani kiwanja cha mjane mwingine, upande wa pili. Ua ukahama tena. Mjane huyo naye alifoka, naye akasimamishwa Jumamosi. Kabla hajafungua mdomo, mama yangu akanyanyuka, akamwambia:

"Keti, mwanangu. Huombi msamaha hapa. Kwanza ua urudi."

Mchungaji akamsihi atulie. Hakutulia. Alisema hatagusa Meza ya Bwana, wala hatatoka mle kanisani, mpaka wazee waende wakauone ua kwa macho yao. Wakaenda. Ua ukarudishwa wiki hiyo hiyo.

Watu walimsifu. Mimi nilimfuata mama nyumbani. Dada alikuwa amekuja kututembelea, amekaa mlangoni anachambua mchele, mtoto mgongoni. Nikamuuliza mama, mbona kwetu hakusimama hivyo?

"Mwanangu, la mtu mwingine siwezi kulinyamazia," alisema. "Lile lilikuwa langu. La kwangu naruhusiwa kuliacha. Ndivyo nilivyoielewa Injili."

Aliyasema kwa upole, kama mtu aliyelala usingizi mzuri miaka yote. Ningeweza kubishana naye mpaka jioni. Dada akaacha kuchambua, akaweka ungo chini.

"Mama," alisema, "lile lilikuwa langu."