Ua Jeusi Ndani ya Kamba

Clémence alikuwa akipasua kuni nyuma ya nyumba aliposhika kipande kilichobaki cha kamba ya pori, mmea wa kutambaa aliowauzia wavuvi juzi wafungie miti ya kutundikia mitego mtoni. Akakikata. Akatazama pale panga lilipopita.

Ubao ulikuwa mweupe, mviringo mtupu, kama wa mti wowote. Kamba iliyokomaa haiko hivyo. Ikizeeka, ubao wake hugawanyika, nyama laini nyeusi ikaingia katikati ya vipande, na ukiikata unaona kama ua. Ule ulaini ndio unaoifanya ipindike bila kuvunjika. Changa ni kaidi. Ikifungwa na kubebeshwa uzito, hupasuka.

Alilijua hilo tangu usichana. Lakini siku ile mvua ilikuwa inamnyeshea, msitu ulikuwa mbali, na kwenye shamba lililoachwa akakuta moja imenenepa upesi kwa jua. Aliikata, akapaka ncha zake matope zisikauke, kama siku zote. Wavuvi hawakuyakwangua. Kumwomba Mama Clémence aonyeshe ncha ni kumtukana.

Na asubuhi hii mwenye zamu ya kupanda kwenye miti ya mitego ni Jephté, mume wa binti yake Tania.

Alimpigia Tania. Simu ya Jephté ilikuwa nyumbani, inachajiwa. Clémence akakimbia hadi kwenye maporomoko.

Jephté alikuwa tayari juu, maji yanatokota chini ya miguu yake. Mama mkwe hamwiti mkwewe kwa jina, wala hapazi sauti mbele yake. Tangu harusi, Clémence alimwita bokilo tu, yaani mkwe, akimpelekea maneno kupitia wengine, uso kando. Akamwendea Papa Cyprien, mkubwa wa wavuvi, aliyekuwa akisuka kikapu juu ya jiwe.

"Papa Cyprien, umwambie bokilo wangu ashuke."

"Bokilo gani? Uko nao wangapi?" Wanaume wakacheka. "Utaje jina, mama."

"Ile kamba haijakomaa. Nilikata changa."

Kicheko kikakatika. Cyprien akasimama, akaita. Sauti yake ya uzee ikamezwa na maji. Akaita tena. Jephté akaegemea fundo la ile kamba, akinyoosha mkono kwenye mtego.

"Jephté!" Clémence akapiga kelele. "Jephté, shuka!"

Alisikia. Walisikia pia wanawake wote waliokuja kununua samaki. Clémence akajifunika uso kwa kikwembe chake.

Jephté alishuka polepole. Cyprien alikwangua matope kwenye fundo la chini, akakata ncha, akaiinua wenzake waione. Nyeupe. Hakuna aliyemtukana, na Clémence aliona heri wangemtukana.

"Papa Cyprien," Jephté alisema, akitazama mto, "umwambie mama nimesikia."

Clémence alipoleta mzigo mwingine wa kamba, kutoka msitu wa mbali, Cyprien alinyoosha mkono kuomba panga kabla hata ya kumsalimia. Clémence alimpa. Akageuka kando, akasubiri, huku wanaume wakiinamia ncha moja moja kutafuta ua.