Mwanahisa Mmoja

Fundi makochi alikuwa amefika miaka thelathini na minane, lakini mtaani bado alijulikana kama mdogo wake Mama Mito tu. Mama Mito ni dada yake mkubwa, tumbo moja. Kazi ilianzia sebuleni kwa huyo dada: yeye akishona vitambaa, mdogo mtu akigonga mbao mpaka majirani wakachoka kulalamika. Miaka kumi na mmoja hiyo. Sasa wana karakana yao, na hoteli moja kubwa imekubali kuwapa kazi, ila kwa sharti wawe kampuni.

Basi fundi akavaa shati la maana, huyo kwa msajili wa kampuni. Karani akamweleza taratibu: kampuni ikifilisika, wadai watashika mali ya kampuni tu, nyumba na vyombo vya mwanahisa haviguswi. Kisha akauliza, "Wanahisa wangapi?"

Picha za dada za kubandika kwenye fomu zilikuwa mfukoni. Alikuwa amesuka nywele kwa ajili ya kupiga picha hizo, masikini. Fundi akajibu, "Mmoja." Alitamani tu, walau mara moja maishani, kitu kiitwe chake. Aibu ilimshika akiwa bado kwenye ngazi za ofisi ile, lakini hakurudi.

Wiki mbili zikapita. Dada akiuliza cheti cha kampuni kiko wapi, anasingizia foleni ya ofisini. Cheti kilipotoka, dada akakisoma pamoja na karatasi zake zote, mara mbili.

"Mbona mimi simo?"

"Nimekukinga, dada." Ulimi ulimtangulia. "Biashara ikianguka, wadai wasije wakakubebea vyombo. Una watoto."

Machozi yakamlengalenga dada. "Jamani, mdogo wangu! Kumbe unaniwazia hivyo!" Akamkumbatia, nyuzi zikiwa bado begani. Kutwa nzima kila mteja aliyeingia alisimuliwa habari za mdogo mtu mwenye akili na huruma. Fundi akapinda misumari mitatu mfululizo. Matusi angeyavumilia, lakini sifa zile zilimchoma.

Mteja wa mwisho alipotoka, akaweka nyundo chini.

"Dada, nimekudanganya. Sheria inamkinga kila mwanahisa. Hata wewe ungekingwa, na karani alinieleza kabla sijajaza fomu. Nilitaka iwe yangu peke yangu. Nisamehe. Kesho narudi nikakuandikishe."

Akasubiri kufokewa, maana dada mtu si wa kumeza maneno. Mama Mito akamalizia mshono wake, akakata uzi kwa meno, akafunika cherehani. Akachukua mkoba, akaenda kusimama mlangoni kwa adabu, mikono mbele, kama kibarua aliyeajiriwa leo.

"Kesho nifike kazini saa ngapi, bosi?"