Tulimpangia Bibi safari ya mashamba ya zabibu Italia, tukasahau mabsali

Wakuu, salaam kwenu nyote, na wakubwa zangu wa humu shikamooni.

Mimi ni msomaji tu wa jukwaa hili. Shule niliishia ya msingi na mkono wangu ni mzito, kwa hiyo uzi huu nimeuandika taratibu, leo kidogo, kesho kidogo. Lakini ni kweli tupu. Kaka yangu Khamis yumo humuhumu, nikitia chumvi atanisuta mbele yenu.

Kwetu ni Ibra, Oman. Nyumbani tuko mimi, Baba, Mama na Bibi, mama yake Baba. Khamis anafanya kazi Maskat, huja wikiendi.

Mwaka jana Baba alistaafu serikalini. Ijumaa moja tunakula, akatangaza, "Mwaka huu tunasafiri sote, na tunakwenda pahala pa kula."

Mama hakungoja amalize. "Italia. Lakini si mjini, shamba."

Mama ana mapenzi na video za wanawake wa Kitaliana wanaokanda tambi kwa mkono. Huziangalia huku anapika biriani.

Nani apange safari? Khamis akaninyooshea kidole. "Mpeni Zuwena. Yeye ndiye anayeishi ndani ya simu."

Wakacheka. Mimi hata fundi wa AC siwezi kumpigia, humwomba Mama anisemee. Lakini moyoni nilifurahi sana, maana sijawahi kupewa jambo kubwa nyumbani.

Baadaye jikoni Mama akaniambia, "Zuwena, safari hii ni ya Bibi. Asipokwenda yeye, mimi siendi, na baba yako hatokwenda peke yake."

Tangu Babu afariki, Bibi hatoki. Akitoka ni kwenda shambani kwetu au kwenye hitima. Siku nyingine zote yuko sebuleni na redio yake. Kwa hiyo wakuu, mzigo wote ulikuwa hapo: Bibi akubali au tusahau Italia.

Nilitafuta mpaka macho yakauma. Mwisho nikapata nyumba ya mawe juu ya kilima, huko upande wa Emilia, mizabibu pande zote, meza ndefu uani. Mwenyewe ni mama mtu mzima, Bi Rosanna, anayefundisha wageni kupika. Nikamwandikia kwa kutafsiri na simu kwamba sisi ni Waislamu, nguruwe hatuli, mvinyo hatunywi.

Akajibu hapana tabu. Kuna samaki, jibini, mboga na tambi, na kuku atanunua kwa mchinjaji wa Kimorocco mjini kwao.

Nikafanya booking ya Julai. Huku Julai ni joto la kufa mtu. Baba akaiona tarehe, Mama akaiona, Khamis akaiona. Wote wakasema hewala.

Nikamtilia Bibi kahawa, nikakaa chini ya kiti chake na kumwonyesha picha. Akaziangalia moja moja.

"Pazuri. Umesema lini?"

"Julai, Bibi."

"Na mabsali atachemsha nani? Huyu mama wa tambi?"

Wakuu, hapo ndipo nilipozinduka.

Kwa msiojua, mabsali ni tende za huku kwetu Sharqiya. Haziachwi zikaiva mtini. Zinakatwa zingali za manjano, zinachemshwa kwenye masufuria makubwa ya shaba juu ya kuni, kisha zinaanikwa juani. Kazi yake ni katika joto hilohilo, na ukoo mzima hukusanyika shambani. Bibi ndiye mwenye moto. Alipoletwa kutoka Unguja, bado bibi harusi, hata mtu akipanda mtende alikuwa hajapata kumwona. Leo hakuna sufuria linaloepuliwa mpaka aseme "haya".

Na sisi, watu wa Ibra wazima, wanne, tumeiona Julai na hatukukumbuka!

Bibi akarudi kwenye picha. "Na majani haya yote?"

"Zabibu, Bibi."

"Za kula?"

Khamis akajibu kutoka mlangoni, "Za kunywa, Bibi."

Bibi akanirudishia simu taratibu. "Nendeni salama. Mtanikuta."

Baba akasema khalas, basi twende Jabal Akhdar, mlimani hapahapa Oman, tukale makomamanga. Mama aliinuka akaenda kuosha vyombo vilivyokwishaoshwa.

Kesho yake nikampelekea tena kahawa. "Bibi, nikibadilisha tarehe?"

"Tarehe ni jambo dogo. Wewe umetuwekea nafasi nyumba ya mtu hujamuuliza hali. Ana mume? Ana watoto? Chungu chake kikoje? Mimi silali kwa mtu nisiyejua ahali zake."

"Basi tumpigie," nikasema.

Sijui maneno hayo yalinitoka vipi. Mimi, wa kuogopa fundi wa AC!

Ijumaa baada ya sala tukapiga video call. Sebule imejaa. Bi Rosanna akatokea yuko jikoni, unga mpaka viwikoni. Kiingereza chake kibovu kama changu, hapo nikapumua.

"Muulize hajambo," Bibi akaanza. Hajambo. "Mumewe?" Hajambo, mguu tu unamsumbua. "Mguu upi?" Wa kushoto. "Watoto?" Wawili, binti yuko mbali, hapigi simu. Bibi akasikitika. "Mvua imenyesha?"

Khamis akashindwa kuvumilia. "Bibi, tunakodi vyumba, hatuchumbii!"

"Nyamaza wewe. Ungelijua kuchumbia usingelikuwa unakula kwa mama yako."

Sebule ikaangua kicheko. Bi Rosanna akataka kujua tunacheka nini, nikamtafsiria kwa tabu. Akacheka akajifuta macho kwa aproni, akasema na yeye anaye mmoja wa namna hiyo.

Alipoondoka kidogo mbele ya kamera, Bibi akasogeza uso kwenye simu.

"Ngoja. Lile nyuma yake ni nini?"

Ukutani limetundikwa sufuria la shaba, kubwa, chini jeusi kwa moshi.

"Muulize la nini."

Bi Rosanna akatusogeza karibu nalo. Akaeleza kwamba kila Septemba, zabibu zikichumwa na kukamuliwa, maji mengi huenda kwenye mapipa ya mumewe. Lakini fungu moja ni lake. Huyatia kwenye sufuria hilo akayapika kwa kuni kutwa nzima mpaka yawe mazito na meusi. Huyala kwa mkate na jibini. Mama yake alifanya hivyo, na bibi yake pia.

Bibi akaniangalia sana. "Yanatiwa motoni kabla hayajachacha?"

Nikauliza. "Kabla. Siku ileile."

"Na mvinyo haupiti humo?"

Bi Rosanna akaweka mkono kifuani. Mume wake aliguse sufuria lake? Thubutu!

"Asali hiyo," Bibi akasema. "Kama yetu ya tende. Muulize anakoroga na nini."

Bi Rosanna akainua mwiko mrefu wa mbao. Bibi akamgeukia Baba, "Salim, kalete wangu stoo." Na Baba, mstaafu wa serikali, akatoka mbio kama katumwa dukani. Wakaonyeshana miko. Wakaonyeshana na makovu ya moto mikononi. Mmoja anasema Kitaliana, mwengine Kiswahili, na mimi nimeshika simu tu, hakuna anayenihitaji.

Kisha Bibi akanikumbuka. "Muulize, Septemba mikono ya kukoroga inamtosha?"

Nikauliza. Bi Rosanna akatikisa kichwa. Haimtoshi hata kidogo.

"Mwambie basi nakuja."

Mama alipiga kigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani anaolewa.

Julai tukachemsha mabsali yetu kama kawaida. Septemba tukapanda ndege, Bibi kabeba kikapu cha tende kwenye mapaja na hakukubali mtu amsaidie.

Chakula cha kwanza, mume wa Bi Rosanna alichukua chupa yake akaenda kusimama nayo dirishani kwa heshima yetu. Bibi akaniambia, "Mwambie akae, kwake hapa. Mimi nitakaa upande huu na samaki wangu." Mzee wa watu akakaa mwisho wa meza, akafurahi kweli.

Siku ya sufuria waliwasha moto alfajiri. Bibi akavua viatu, akakunja mikono ya kanzu, akashika mwiko. Tulimletea kiti akakikataa. Tulimwambia apumzike akatufukuza tukakande tambi na Mama. Jua linaelekea kuzama, Bi Rosanna akachota kidogo akamtilia kwenye kisahani. Bibi akaonja, akafumba macho.

Akasema, "Babu yako angeliipenda hii."

Tangu msiba ulipotokea sikuwahi kumsikia akimtaja huku anatabasamu.

Nilichojifunza, wakuu: nilikuwa natafuta mahali pa kumpumzisha Bibi, kumbe alitaka mahali penye kazi yake na mtu wa kuifanya naye. Na kabla hujamwekea mzee nafasi kwa watu, mwache kwanza awaulize hali, hata kama itachukua mchana mzima.

Nyie wenye wazee wasiotaka kutoka nyumbani, mliwashawishi vipi? Na aliyewahi kula asali ya zabibu aseme huila na nini. Chupa moja tu imebaki ya zile tulizorudi nazo, na Mama anatishia kuitia kwenye vitumbua.